Anza na Breki: Mwongozo wa Kukimbiza Pikipiki Yako Kwenye Kiwanja cha Zamani cha Jeshi

Kila anayenipigia simu kuulizia mbio za kasi za Elvington, kiwanja cha zamani cha ndege za jeshi huku Uingereza ambako watu hupimwa kasi yao kwenye njia iliyonyooka, huanza na injini. Inatakiwa cc ngapi? Nibadilishe ekzosi? Mimi humuuliza breki zake zikoje. Wapo wanaodhani namkwepa mtu au namkatisha tamaa, lakini ndiyo salamu yangu ya kwanza kwa yeyote anayetaka kuingia mchezo huu. Kule kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, ukichelewa kufunga gesi bado una nafasi tele mbele yako. Kiwanja cha ndege kina mwisho. Kwa hiyo hatua zote nitakazoeleza zimepangwa kuanzia mwisho wa lami, na kurudi nyuma mpaka kwenye mstari wa kuondokea.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Kazi niliianzia Tanga, kwenye vijiwe vya bodaboda, na sasa naishi kaskazini mwa Uingereza. Nakimbiza pikipiki ya cc 600 ambayo siku za kawaida naendea kazini. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko huku Ulaya au Marekani, wenye pikipiki ya kawaida na hamu ya kujua inaenda spidi gani kweli, mahali panaporuhusiwa, penye ambulansi na watu wa zimamoto wanaokusubiri.

1. Kifahamu kiwanja

Elvington iko kilomita chache kusini-mashariki ya jiji la York. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za kudondosha mabomu aina ya Halifax ziliruka kutoka hapo, na kuanzia 1944 walikuwepo wanajeshi wa anga wa Ufaransa, vikosi vya 346 na 347. Miaka ya 1950 Wamarekani wakairefusha njia ya kurukia ikafika mita 3,094, kwa ajili ya ndege zao kubwa za enzi ya Vita Baridi, kisha wakaondoka bila kuitumia kwa kazi ile waliyoikusudia. Mbio zetu zinaendeshwa juu ya lami ile ile. Kwa miaka mingi kundi la Straightliners limekuwa likiandaa hapo siku za kupima kasi, na makumbusho ya ndege ya Yorkshire yako jirani kabisa.

Marekani hadithi inafanana. Kambi ya Loring, huko Limestone katika jimbo la Maine, ilikuwa ya ndege za kudondosha mabomu za B-52 mpaka ilipofungwa 1994. Njia yake ina futi 12,100, karibu mita 3,688, na upana wa futi 300. Wakimbiaji wa huko wamekuwa wakipimwa kwenye maili moja na pia maili moja na nusu. Na kuna jambo linalonigusa kila nikilikumbuka: vijana wa California walioanzisha mchezo huu walikuwa wakikimbia kwenye ziwa kavu la Muroc, jeshi likalichukua, leo ni kambi ya Edwards. Wao wakahamia ziwa kavu la El Mirage. Miongo kadhaa baadaye, ni viwanja vilivyoachwa na jeshi ndivyo vinavyotupa sisi wengine pa kukimbilia.

Usiingie kwa mlango wa nyuma kwenye kiwanja chochote kilichotelekezwa. Ukianguka hapo peke yako hakuna wa kukuokota.

2. Piga hesabu ya kusimama

Chukua karatasi. Elvington ni mita 3,094. Ukipimwa kwenye maili moja, yaani mita 1,609, zinabaki 1,485. Ukipimwa kwenye maili moja na robo zinabaki kama 1,080. Kisha utoe lile eneo la nyuma ya mstari mnapopanga foleni, maana lami hiyo nayo huwezi kusimamia.

Sasa breki. Mwendeshaji mtulivu, kwenye lami kavu, hupunguza kasi kwa takriban mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Hiyo siyo breki ya dharura. Kwa kiwango hicho, kutoka kilomita 200 kwa saa unahitaji mita 386 kusimama. Kutoka 260 unahitaji mita 652. Kutoka 300 unahitaji mita 868. Ongeza sekunde mbili za kufunga gesi na kuinua kifua kabla breki haijaanza kufanya kazi: hapo 200 imeshakuwa kama mita 500, 260 imekuwa 800, na 300 imevuka mita 1,030.

Rudi utazame ile maili na robo. Anayepita mstari wa mwisho kwa 300 hana mita za kuchezea. Na lami ikiwa imelowa, breki zikawa na nusu ya nguvu, mita 868 zinakuwa 1,736, ambazo hazipo. Ndiyo maana mvua ikinyesha waandaaji husimamisha mbio, na wewe usinung'unike kuhusu ada yako.

Mbio yangu ya pili nilikosea jambo hili hili. Nilikuwa nimelala juu ya tangi nikiitazama geji ya mizunguko badala ya koni za pembeni. Nilipoinua macho mstari wa mwisho ulikuwa nyuma yangu kwa muda ambao hadi leo siujui. Nilisimama karibu kabisa na nyasi, breki za mbele zinatoa harufu ya kuungua, mikono haitaki kuachia usukani. Tangu siku hiyo najiwekea alama yangu mwenyewe: nachagua koni moja, na nikiifikia gesi inafungwa hata kama injini inaimba vizuri kuliko siku zote.

Kabla ya msimu basi: pedi mpya, mafuta ya breki yaliyobadilishwa, diski zisizopinda. Ukifunga breki kwenye mwendo wa 100 ukahisi mkono wa breki unadunda kidoleni, diski imepinda. Ibadilishe kabla hujajisajili.

3. Leseni, mavazi na daraja lako

Kwa Uingereza michezo mingi ya pikipiki iko chini ya Auto-Cycle Union, ACU. Waulize waandaaji mapema leseni gani inatakiwa na kama inapatikana ya siku moja. Helmeti ifunike uso wote na iwe na kibandiko cha dhahabu cha ACU. Suti ya ngozi iwe ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyoungana kwa zipu kuzunguka kiuno chote. Glavu na buti za ngozi, na kinga ya mgongo. Usinunue suti iliyokuzidi mwili. Kitambaa kinachopepea kwenye 250 kitakuchosha mabega na kukupunguzia spidi.

Mchezo huu hugawa watu kwa madaraja: ukubwa wa injini, aina ya fremu, kama una vizuizi vya upepo au huna, kama una turbo au huna. Hii ndiyo haki yake. Mwenye cc 125 hashindani na mwenye cc 1300. Anashindana na kasi iliyoandikwa kama rekodi ya daraja lake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuja na pikipiki ndogo au ya kati, injini ya kiwandani. Utajifunza mambo yote muhimu kwenye kilomita 180 kwa saa, na makosa ya 180 mengi yanasameheka.

Vyama vingi vya Marekani humlazimisha mgeni kupanda ngazi kwa ngazi: anapewa kikomo cha kasi, akikimbia vizuri na kusimama vizuri ndipo anaruhusiwa ngazi inayofuata. Hata usipolazimishwa, jiwekee ngazi zako.

4. Tairi, na kile kifuniko kidogo

Julai 2000 Colin Fallows aliendesha gari la injini ya jeti liitwalo Vampire hapo hapo Elvington kwa maili 300.3 kwa saa, kama kilomita 483. Septemba 2006 mtangazaji Richard Hammond alikuwa ndani ya gari hilo hilo, kwenye njia hiyo hiyo, tairi la mbele la kulia likapasuka akiwa kwenye maili 288 kwa saa. Alipona, ila aliumia vibaya kichwani. Tairi moja tu.

Soma herufi iliyo ubavuni mwa tairi baada ya namba za ukubwa. H ni mpaka kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Kwa wanaokwenda juu zaidi, soma maelezo ya mtengenezaji mwenyewe. Kisha tafuta zile tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sikimbii na tairi lililozidi miaka mitano hata kama kashata zake bado ndefu. Raba hukauka kwa ndani, na macho hayaoni.

Valvu sasa. Watu wengi hawaijali. Gurudumu likizunguka kwa kasi hiyo, kila kilichomo kinasukumwa kuelekea nje, pamoja na ile pini ndogo iliyoko katikati ya valvu. Inaweza kujisukuma ikafunguka na kuachia upepo, halafu ukipunguza mwendo inajifunga tena kama hakuna kilichotokea, nawe unabaki unashangaa tairi limelegea kwa nini. Kinga yake ni kifuniko cha chuma chenye raba ndani, kinachoziba kweli kweli. Kile cha plastiki ni cha kuzuia vumbi tu. Valvu yenyewe nayo iwe ya chuma, siyo ya raba inayopinda. Vyuma vidogo vya kusawazisha rimu vibandike kwa utepe imara juu yake, au utaviokota njiani.

Upepo wa tairi upime tairi likiwa baridi, na geji yako mwenyewe. Geji mbili hazisemi namba moja.

5. Waya na mkaguzi

Ukifika, kabla ya kitu chochote, kuna ukaguzi. Mkaguzi aliyenipitisha mara ya kwanza alikuwa mzee wa makamo, amepiga magoti kwenye lami bila kuweka hata gunia. Hakutazama injini. Alipitisha kidole kwenye waya uliofunga bolti ya kumwagia oili isilegee, akauvuta kwa ukucha, akasikiliza. Waya ukiwa umekaza unalia kama uzi wa gitaa. Wangu ulikuwa kimya. Nilirudi nikaufunga upya.

Unafungwa hivi. Toboa tundu dogo kwenye kichwa cha bolti, pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu wa unene wa milimita 0.8, usokote ncha zake mbili pamoja kwa koleo, kisha uufunge mahali imara kwa namna ambayo waya unaivuta bolti upande wa kukaza. Ukiufunga upande wa kulegeza, hujafunga kitu. Fanya hivyo kwa bolti ya oili, kifuniko cha kujazia oili na filta. Oili ikimwagika juu ya tairi lako la nyuma ni msiba wako. Ikimwagika kwenye lami ni msiba wa anayekufuata.

Kwenye rejeta weka maji matupu. Sehemu nyingi zinakataa dawa ya kuzuia kuganda kwa sababu inateleza sana na haikauki upesi. Utahitaji pia swichi ya kuzimia injini yenye kamba inayofungwa kwenye kifundo cha mkono wako, ili ukidondoka injini nayo izime, na dampa ya usukani, kile kifaa cha kuuzuia usitikisike, iliyokazwa vizuri. Wenye magari wana orodha ndefu zaidi: keji ya vyuma, mikanda ya mabega na mapaja, mtambo wa kuzimia moto, na kwa wenye kasi kubwa, parachuti.

6. Sproketi

Hapa ndipo penye raha yangu, na ndipo mtu mwenye elfu chache mfukoni anapoweza kumpita aliyemwaga fedha kwenye injini.

Upepo ndio adui. Nguvu inayohitajika kuupasua hupanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi tena: ukitaka kwenda mara mbili ya kasi uliyonayo, unahitaji nguvu mara nane. Pikipiki ya michezo, mwendeshaji amelala vizuri, inahitaji kama nguvu za farasi 50 kuupasua upepo kwenye 200. Kwenye 300 inataka zaidi ya 160. Kwa hiyo pikipiki yako ina ukuta wake, na giya haiwezi kuuvunja. Kazi ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ni kuhakikisha unapougusa ukuta huo, injini iko kwenye mizunguko yenye nguvu zake zote.

Tuchukue mfano. Uwiano wa kwanza, ule kati ya injini na klachi, ni 1.9, giya ya mwisho 1.2, sproketi ya nyuma meno 44 na ya mbele 16. Zidisha zote: 1.9 mara 1.2 mara 2.75, unapata 6.27. Injini ikizunguka mara 14,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 2,233. Mzingo wa tairi ukiwa mita 1.98, hiyo ni kilomita 265 kwa saa. Ukiweka sproketi ya meno 17 mbele, hesabu inakupa 282.

Mgeni akiziona namba hizo atakimbilia meno 17. Lakini pikipiki yenye farasi 110 kwenye gurudumu inagota karibu na 255 au 260. Ukiipa giya ndefu, injini inazama chini ya mizunguko yake ya nguvu, na unaambulia spidi ndogo kuliko ya meno 16. Mimi nilipima zote mbili siku moja, na ile fupi ilishinda. Kumbuka pia tairi hutanuka kidogo kwa mwendo na huteleza kidogo, kwa hiyo hesabu ya karatasi ni mahali pa kuanzia. Beba sproketi mbili tatu za mbele, cheni yenye urefu wa kutosha, na spana yake.

Kabla ya kununua chochote kingine, jifunze kulala. Kidevu juu ya tangi, viwiko ndani ya magoti, vidole vya miguu kwenye vigingi, magoti yamebana. Mwombe mtu akupige picha ukiwa mbele na pembeni. Kila kinachotokeza nje ya umbo la pikipiki kinakula spidi yako.

7. Asubuhi ya mbio

Fika mapema utembee kwenye lami kama utaruhusiwa. Viwanja hivi ni vya zamani: kuna viungo kati ya mabamba ya zege, nyufa zilizojazwa lami nyeusi, majani yanayoota katikati, vijiwe. Waandaaji hupitisha gari la kufagia, na wanajeshi wenyewe zamani walitembea kwa mstari wakiokota kila kijiwe, lakini unachotafuta wewe ni mstari wako. Chagua ukanda usio na viraka na uone unakoelekea.

Kisha upepo. Kiwanja cha ndege hakina mti wala nyumba ya kukukinga. Upepo wa mbele unakupunguzia spidi tu. Wa ubavuni unakuhamisha. Mpwa wangu ndiye hunishikia daftari, na mwaka jana tukiwa kwenye foleni, zamu ya watu wawili mbele yangu, alinigusa bega: "Mjomba, ule mfuko umegeuka." Niliutazama mfuko wa upepo, umenyooka kukata njia. Nilitoka kwenye foleni. Baada ya saa moja na nusu ukatulia nikakimbia.

8. Mbio yenyewe

Ondoka taratibu. Maili ni ndefu, na klachi iliyoungua mstarini haikuongezei chochote huko mwisho. Panda giya kwa mpangilio, lala, tazama mbali. Usukani usiushike kwa nguvu. Bana tangi kwa magoti na uache mikono iwe laini. Usukani ukianza kutikisika, usifunge gesi ghafla wala usipigane nao. Punguza kidogo kidogo, magoti yazidi kubana.

Kasi hupimwa kwa miale miwili ya mwanga. Tuseme imeachana mita 40: ukiipita kwa sekunde 0.72 umekwenda kilomita 200 kwa saa. Kwa hiyo gesi ibaki wazi mpaka mwale wa pili, siyo wa kwanza. Ukishaupita, funga gesi polepole, kisha inua kifua kwa utaratibu. Upepo wenyewe utakusukuma kama mkono wa mtu, na hiyo ni breki yako ya kwanza. Halafu ya mbele, kwa upole, ukiongeza. Toka njiani kule walikokuelekeza tu, na usigeuze kurudi juu ya njia hata kama umesimama mapema.

Mkimbiaji wa Marekani, Bill Warner, alifika maili 311 kwa saa na pikipiki ya Hayabusa yenye turbo pale Loring mwaka 2011, kwa maili moja na nusu. Julai 2013, kwenye kiwanja hicho hicho, alitoka nje ya njia akapoteza maisha. Alikuwa mjuzi kuliko mimi na wewe. Ukihisi kitu hakiko sawa kwenye mita ya 400, funga, nyoosha mkono juu, toka. Siku ina nafasi nyingine.

9. Ukirudi

Utapewa karatasi yenye spidi yako. Kabla hujaifurahia, shika tairi zote mbili kwa kiganja, pima upepo wake, tazama kama cheni imelegea, chungulia chini kama kuna oili. Kisha andika daftarini: saa, joto, upepo umetoka wapi, sproketi gani, mizunguko mingapi ulipopita miale, na ulisimama kwenye koni ya ngapi. Badilisha kitu kimoja tu kabla ya mbio inayofuata. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilichokusaidia.

Daftari langu la kwanza lina mbio kumi na moja. Kwenye safu ya mwisho, ile ya kusimama, mbio ya pili imeandikwa "nyasi". Zinazofuata zote ni namba za koni, na kila moja ina koni zilizobaki mbele yake.